Mzinga wa Upande wa Kibla

Ijumaa, 19 Septemba 2014, Rashidiya, Dubai

Leo nimekabidhiwa nyuki. Kwa miaka mitatu nimekuwa mtunza bustani wa nyumba hii, na kazi yangu kwa nyuki ilikuwa moja tu: kupita mbali. Waliokuwa wakiifungua mizinga ni marehemu Mzee Abdulbasit na mkewe, Bi Ummulkheir, wote wawili wamejifunika nyavu kichwani kama maharusi. Mzee alifariki mwanzoni mwa Agosti. Tangu siku hiyo Bi yuko ndani ya eda, na mpaka miezi minne na siku kumi itimie, haonekani na mwanamume asiye maharimu wake. Mimi ni mmoja wa hao wasiomwona.

Kwa hiyo nitafundishwa kwa sauti. Dirisha la jiko linatazama kichochoro kilicho kati ya nyumba na ukuta wa jirani. Yeye hukaa ndani nyuma ya pazia, mimi husimama kichochoroni. Mizinga iko uani, upande wa nyuma, na kutoka dirishani haionekani.

"Zadock, unaogopa nyuki?"

"Ndiyo, Madam."

"Vyema. Asiyeogopa ana mikono ya pupa. Na hiyo Madam iache, Madam ni wa hotelini."

Tangu leo namwita Bi Mkubwa.

Mizinga ni mitatu. Mmoja uko chini ya mkunazi katikati ya ua, mwingine karibu na tangi la maji, na wa tatu ukutani karibu na banda la gari. Kila mmoja uko peke yake. Nilimwuliza kama hawezi kutoka kuitazama siku ya Ijumaa nikiwa kanisani, kwani huku hata sisi Wakristo huabudu siku hiyo ya mapumziko, maana hapo hakuna wa kumwona.

"Naweza. Lakini sitaki kuiona bila yeye. Bado."

Sikuuliza tena.

Jumanne, 23 Septemba

Nimewapa maji ya sukari, kikombe cha sukari kwa kikombe cha maji. Kiangazi kimewachosha na joto bado halijaondoka. Bi Mkubwa anasema hapa nyuki huandaliwa kwa baridi wakati binadamu bado anatokwa jasho. Rispah, mpishi wetu, alikataa kuleta sufuria mpaka uani. Aliitua mlangoni akakimbia.

"Mimi nilikuja Dubai kupika," akasema akiwa tayari ndani. "Kama ni kuumwa, hata kwetu Busia watu wanaumwa bure."

Ijumaa, 26 Septemba

Kanisani. Nimewaombea nyuki, jambo ambalo sijawahi kulifanya.

Alhamisi, 2 Oktoba

Nilikuwa nikimwagilia mlimau wa kichochoroni nikasikia Bwana Junaid akizungumza na mama yake. Ndiye mwana wa pekee. Huja kila jioni na funguo za gari mkononi, na haziweki mezani.

"Mama, eda ikiisha utahamia kwetu Garhoud. Chumba kiko tayari. Mke wangu ameshaweka pazia."

"Na nyuki wangu nao umewawekea pazia?"

"Nyuki walikuwa wa Baba."

"Walikuwa wa Baba akiwaonyesha wageni. Wakiuma, walikuwa wangu."

"Mama, nyumba nzima hii, wewe na mpishi. Usiku mmoja ukianguka bafuni, nani atajua?"

"Miye sijaanguka bado, wewe umeshaniokota."

Alicheka kidogo, yule kijana, lakini hakulegeza. "Haya, tukubaliane. Siku ukitoka eda twende uani mimi na wewe. Nyuki wakiwa na nguvu za kuvuka baridi, utabaki hapa na sitasema neno. Wakiwa wanasuasua, wataenda kwa rafiki yangu mwenye shamba Al Ain, nawe utakuja kwangu. Khalas, imekwisha."

Nikasikia Bi Mkubwa akitua kikombe. "Khalas," akasema.

Sikulala vizuri. Nilimwona Bwana Junaid kuwa mtu mwenye haraka ya kufunga nyumba ya baba yake. Tena sasa najua kwamba mama huyu atabaki au atahama kwa kadiri mikono yangu itakavyofanya kazi, na mikono yangu imezoea mpira wa maji.

Jumamosi, 4 Oktoba

Idi Kubwa. Rispah ametupikia mpaka tumeomba huruma. Mkunazi umeanza kutoa maua, madogo ya manjano hafifu, na chini yake kunavuma siku nzima. Bi Mkubwa kasema asali ya mkunazi isiguswe hata kijiko kimoja, ndiyo akiba yao ya baridi.

Jumatatu, 13 Oktoba

Yamekuja manyigu. Makubwa, mekundu, na ukanda wa manjano tumboni. Yananing'inia hewani mbele ya mlango wa mzinga, yanadaka nyuki anayetoka, yanaondoka naye. Nilikimbia kichochoroni.

"Punguza milango," akasema Bi Mkubwa. "Weka kipande cha ubao, acha nafasi ya kidole tu. Mlango mdogo una walinzi wengi. Kisha vua kandambili uyapige."

"Nikikosa, Bi Mkubwa?"

"Ukikosa utajua."

Nilikosa mara moja. Nimejua. Jicho la kushoto limefunga.

Jumatano, 15 Oktoba

Nilirudi kutoka dukani nikamkuta Bwana Junaid uani, amefunga kanzu yake kiunoni, ameshika raketi ya badminton, analipiga nyigu kama anayelipiza kisasi. Kofia imeanguka. Alipoliangusha alilikanyaga, akaniona.

"Nilipokuwa mtoto hii ndiyo ilikuwa kazi yangu," akasema. "Baba alikuwa akikaa pale anahesabu, na alikuwa ananiibia hesabu."

Alisimama akitazama pale alipopaonyesha, chini ya mkunazi. Kisha akaiegemeza raketi ukutani.

"Usimwambie Mama. Atadhani nimelegea."

Sikumwambia. Lakini leo nafuta nusu ya niliyoyaandika juu yake tarehe mbili.

Ijumaa, 24 Oktoba

Asubuhi upepo ulikuja bila moto ndani yake. Nimetoa vitambaa vya kivuli vilivyokuwa juu ya mizinga tangu kiangazi, ili ipate jua. Nashukuru kwa upepo.

Alhamisi, 6 Novemba

Maagizo ya Bi Mkubwa, neno kwa neno, kwa sababu ndiyo kazi kubwa ya msimu:

"Mzinga wa upande wa kibla ulitoka kiangazi dhaifu. Malkia wake kachoka, hatagi vya kutosha. Peke yake hautavuka baridi. Mtafute malkia umwondoe, kisha chukua sanduku lake uliweke juu ya sanduku la mkunazini. Katikati tandaza gazeti, ulitoboe kwa msumari. Watalitafuna taratibu kutoka juu na kutoka chini. Mpaka wakutane, harufu zimeshazoeana. Ukiwachanganya ghafla watauana. Gazeti linawapa adabu ya kubisha hodi."

Kesho ni kanisa. Nitaifanya Jumamosi.

Jumamosi, 8 Novemba

Naandika yote, kwa utaratibu.

Asubuhi nilivaa wavu, nikawasha bomba la moshi wa kuwatuliza nyuki, nikaenda kwenye mzinga wa tangi la maji. Nyuki walikuwa wengi. Fremu za masega zilikuwa nzito, zimejaa majana, yaani watoto wa nyuki, na asali iliyofunikwa nta. Nilijiuliza: huu ndio dhaifu? Nikajijibu kwamba anayejua huona udhaifu nisioweza kuuona mimi. Nilitafuta malkia fremu moja baada ya nyingine, na kwenye fremu ya katikati nikampata kwa urahisi, maana alikuwa na nukta nyekundu mgongoni. Nilimshukuru Mungu kwa nukta ile. Nikamshika kwa vidole viwili, nikaomba msamaha, nikambana.

Nikabeba sanduku, nikatandaza gazeti juu ya mzinga wa mkunazini, nikatoboa, nikapandisha. Mgongo uliniuma lakini nilikuwa na furaha. Nikaenda kichochoroni kutoa ripoti kama mwanafunzi aliyemaliza hesabu.

"Nimemwondoa, Bi Mkubwa. Nimeshawaunganisha."

"Hongera, mwanangu. Alikusumbua kupatikana?"

"Hata kidogo. Ile nukta nyekundu ilinisaidia."

Pazia halikutikisika. Rispah alikuwa akikatakata kitunguu. Nikasikia kisu kimesimama.

"Nukta gani?" akauliza Bi Mkubwa.

"Nyekundu. Mgongoni."

"Nukta ile niliitia miye, kwa rangi yangu ya kucha, mwezi wa tatu. Mzee kamshika, miye nikampaka. Ndiye malkia wetu wa mwaka huu, Zadock. Ndiye bora wa wote." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Umefungua mzinga gani?"

"Wa tangi la maji. Wa kibla."

"Tangi liko kibla?"

"Ndiyo. Kibla ni kaskazini, Bi Mkubwa."

"Nani kakwambia kibla ni kaskazini?"

Nikamweleza. Kabla ya kuja hapa nilifanya kazi Mombasa miaka minane, bustani yangu ilipakana na msikiti. Kila siku niliwaona watu wamesimama safu, wote wameelekea kaskazini, upande wa Malindi. Hata wenyeji walipokuelekeza njia walisema, "Nenda upande wa kibla," nawe ukaenda kaskazini ukafika. Mimi ni Mkristo wa Vihiga. Sikuwahi kufikiri kwamba kibla kinaweza kuhama mtu akipanda ndege.

Nilijua nitafukuzwa, na nilijua itakuwa haki. Lililoniuma zaidi ni kwamba nilikuwa nimeshampangia mama huyu tarehe ya kuhama nyumba yake.

Kisha nikasikia sauti nisiyoijua. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akakohoa, Rispah akamletea maji, akacheka ndani ya bilauri.

"Ee Mola wangu. Zadock, sikiliza. Miye nimeletwa hapa bibi harusi kutoka Unguja. Siku ya kwanza kwa mama mkwe, adhuhuri imeingia, nikatandaza msala wangu nikaelekea kaskazini kama kwetu. Nimeswali rakaa nne nimeielekea friji. Mama mkwe kasimama mlangoni ananitazama. Nimetoa salamu, akaniambia, 'Umemaliza? Basi sasa geuka umswalie Mungu.' Kwetu Makka iko juu ya vichwa vyetu, hapa iko jua linakozama. Banda la gari ndiko kibla, mwanangu. Mzee alinitania kwa friji ile maisha yake yote."

Kisha nadhani alilia kweli. Nilisubiri kichochoroni nikitazama viatu vyangu.

"Haya," akasema. "Kulikuwa na mayai kwenye mzinga ule?"

"Yalikuwamo. Madogo, yamesimama kama ncha za sindano."

"Basi mlango haujafungwa. Rudisha sanduku mahali pake sasa hivi, kabla gazeti halijatafunwa. Wakijiona hawana malkia watachagua majana machanga walee mwingine. Lakini huyo mpya lazima aruke, akutane na madume angani, arudi salama. Na madume yanaanza kufukuzwa, na shamali inakuja na mchanga wake, na wale ndege wanaokula nyuki wako njiani. Akirudi, tuna mzinga. Asiporudi, hatuna."

"Na wa banda la gari? Nimwondoe yule malkia mzee?"

"Yule mwache. Huenda tukamhitaji." Kisha akaongeza, "Hata miye ndivyo wanavyotaka kunifanya, waniweke juu ya ghorofa wanitandazie gazeti."

Rispah alicheka mpaka kisu kikaanguka.

Nimerudisha sanduku. Gazeti lilikuwa limetafunwa pembeni tu. Nimeumwa mara sita na nimeona ni halali yangu.

Jumapili, 9 Novemba

Bwana Junaid alikuja kichochoroni mwenyewe. Mama yake alikuwa amemwambia kila kitu.

"Zadock. Umemuua malkia wa mama yangu?"

"Ndiyo, sir."

"Na Mama akacheka?"

"Alicheka sana, sir."

Alitazama lile dirisha. "Ile hadithi ya friji alikusimulia?"

"Ndiyo."

"Tangu tulipomzika Baba sijamsikia akicheka." Alinipa mkono. Aliushika muda mrefu kuliko salamu. Kisha akakumbuka kukunja uso. "Makubaliano yetu yapo palepale lakini. Mwambie."

"Yeye mwenyewe anasikia, sir. Dirisha liko wazi."

"Nasikia," ikasema sauti ya ndani.

Ijumaa, 14 Novemba

Nimerudi kutoka kanisani, Rispah akanipokea getini na habari. Bi Mkubwa alitoka uani. Mara ya kwanza tangu msiba. Alisimama mbele ya mzinga wa tangi, akaweka kiganja juu ya mfuniko, akasikiliza.

"Kasema wanalia," Rispah akaniambia. "Eti nyuki wasio na mama wana sauti yao. Mimi nilisimama mlangoni, mguu mmoja ndani, na nikaisikia. Zadock, nimewahurumia. Mimi! Na nyuki!"

Jumatano, 19 Novemba

Vyumba vya malkia vimeonekana, virefu kama ganda la karanga, vinaning'inia chini ya sega. Nimeviacha. Namshukuru Mungu kwa karanga.

Jumamosi, 22 Novemba

Ganda moja limefunguka kwenye ncha, duara safi kama lililokatwa kwa wembe. Mengine yametobolewa ubavuni. "Katoka," akasema Bi Mkubwa, "na kashawamaliza wapinzani. Sasa funga, usimchungulie. Bibi harusi hachunguliwi."

Jumatatu, 24 Novemba

Shamali. Mchanga hata kwenye meno.

Jumanne, 25 Novemba

Shamali.

Jumatano, 26 Novemba

Mvua, na barabara ya kwenda stesheni ya metro imegeuka ziwa. Malkia hawezi kuruka. Bi Mkubwa anasema akikaa muda mrefu bila kuruka, ataharibika, atataga madume matupu mpaka mzinga ufe. Bwana Junaid alikuja amelowa. Hakuuliza juu ya nyuki, ila nilimwona akienda uani akasimama chini ya mvua, akakagua kama mifuniko imebanwa. Mmoja aliuongezea jiwe.

Ijumaa, 28 Novemba

Jua. Mpaka saa sita hapakuwa na upepo. Sikwenda kanisani. Nilikaa uani na ile raketi, ndege wanaokula nyuki walipotua juu ya waya nikawafukuza kwa kelele na kwa vijiwe. Ni ndege wazuri, kijani na buluu, na nimewachukia kwa moyo wangu wote. Malkia sikumwona kutoka wala kurudi. Nadhani Mungu atanisamehe kukosa ibada, maana sijawahi kuomba mfululizo namna ile.

Jumanne, 2 Desemba

Sikukuu ya taifa. Magari yamepambwa, honi tangu asubuhi. Bwana Junaid hakwenda kwenye sherehe. Tumesimamisha naye kizuizi cha makuti ya mtende nyuma ya mizinga, upande shamali inakotokea. Safari hii kabla ya kuchimba shimo niliomba nionyeshwe kwa kidole. Alinionyesha kaskazini-magharibi, akacheka mpaka akaketi.

"Ningeweza kukwambia kibla," akasema, "lakini tungeishia Oman."

Alinieleza, tukifunga kamba, kwamba mke wake ni mtu mwema na chumba ni kizuri. Kwamba yeye haogopi mama kubaki. Anaogopa simu ya usiku. Nimefuta na ile nusu nyingine ya tarehe mbili.

Jumanne, 9 Desemba

Eda imeisha. Nyumba imejaa wanawake na udi. Mimi nilikaa chumbani kwangu nje nikiwa sina kazi, nikipiga pasi shati ambalo lilikuwa limeshapigwa.

Jumatano, 10 Desemba

Saa nne asubuhi, jua la kutosha, tulikutana uani sote. Bi Mkubwa amejitanda buibui na juu yake ule wavu wake. Ni mfupi kuliko sauti yake. Alinitazama kwanza mimi.

"Kumbe ndiye wewe. Umekonda."

"Ni nyuki, Bi Mkubwa."

Tulianza na mzinga wa mkunazini. Umejaa, mzito, kuinua tu ni kazi ya watu wawili. Bwana Junaid aliitikia kwa kichwa. Tukaenda wa tangi. Nilipuliza moshi kidogo, nikaondoa mfuniko, nikampa Bwana Junaid fremu ya katikati aiinue dhidi ya jua.

"Unaona nini?" mama yake akauliza.

"Nyuki."

"Mjinga we. Ndani ya vyumba."

Aligeuza fremu. Akaisogeza karibu na wavu. "Mayai."

"Yamesimama?"

"Yamesimama."

"Moja kila chumba, au mawili matatu? Malkia mzima hutaga moja moja."

Alichukua muda, akihesabu mdomoni kama mtoto. "Moja moja, Mama. Moja moja, yamejaa mpaka pembeni. Karuka. Karudi."

Rispah, ambaye alikuwa amefika mpaka hatua tatu kutoka mzingani, alipiga kigelegele, nyuki wakamjia, akakimbia ndani akiendelea kupiga.

Kisha tukafika banda la gari, upande wa kibla wa kweli. Nyuki ni wachache mno, hawakujaza hata nusu ya fremu. Yule malkia mzee alikuwa akitembea polepole juu ya sega. Bwana Junaid alimtazama, akamtazama mama yake.

"Huu unasuasua, Mama."

"Naona."

"Tulikubaliana."

"Tulikubaliana." Alisimama wima. Hakumbembeleza.

Bwana Junaid alirudisha fremu taratibu, bila kumbana nyuki hata mmoja, namna ambayo mtu hajifunzi kwa siku moja. Akafunika. Akazitoa funguo za gari mfukoni, akazishika, akazirudisha mfukoni.

"Miwili ina nguvu," akasema. "Baba hakuwahi kuvuka na mitatu yote. Baki, Mama. Lakini nitakuwa nalala hapa Alhamisi na Ijumaa, na utaweka simu karibu na kitanda."

"Alhamisi njoo na mkeo. Na lile pazia lake aje nalo, la jikoni limechakaa."

Mimi nilikuwa nikijifuta uso ndani ya wavu, kazi isiyowezekana. Nikakumbuka wajibu wangu. "Bi Mkubwa, huu dhaifu niuunganishe leo? Ulisema hautavuka baridi peke yake."

Aliinama, akaweka kiganja juu ya mfuniko, akasikiliza kwa muda.

"Nilisema, kwa kuwa sikuwa nimemwona malkia wake. Mletee maji ya sukari, Zadock, na mlango wake uupunguze zaidi. Mwache hapo hapo alipo. Hajaomba kuhamishwa."